Salamu ni Salamu, Hali ni Hali

Wewe uliye jikoni, wewe uliye kwenye daladala na dereva amekufungulia redio, na hasa wewe uliye kitandani, au unayekaa kando ya kitanda cha mgonjwa wako, karibu sana. Mazungumzo ya leo ni yako zaidi.

Nataka tuzungumzie siku ya kliniki. Sina maana ya siku ya kwenda kutafuta dawa ya mafua. Nasema siku ya kliniki kwa mtu mwenye ugonjwa mzito: saratani, figo, moyo, ugonjwa ambao tarehe yake imeandikwa kwenye kadi na nyumba nzima inaijua. Umeamka saa tisa usiku. Umefika getini jua halijachomoza. Umepanga foleni ya faili, ukapanga ya malipo, ukapanga ya kupimwa presha na uzito. Saa tano na nusu jina lako linaitwa. Unaingia, unakaa, na kabla kiti hakijapata joto umeshatoka. Uko koridoni na karatasi mkononi, unajiuliza: hivi daktari kasema nini?

Wangapi yamewakuta haya? Nawaona mnavyotikisa vichwa.

Sikuja hapa kuwasema madaktari. Madaktari bingwa ni wachache, wagonjwa ni wengi, na daktari aliyeanza kazi asubuhi hadi saa tano ameshaona watu wengi kabla yako. Dakika zako kwake hazitaongezeka kwa sababu mimi nimelalamika redioni. Swali langu ni jingine: hizo chache tulizo nazo, tunazitumiaje? Nitalijibu mapema, ili hata umeme ukikatika sasa hivi uwe umeshalipata jibu. Tunazipoteza kwa adabu. Ndiyo, kwa adabu.

Sikiliza. Daktari ni kijana, umri wa kitinda mimba wako. Anaona mama mtu mzima anaingia, anaanza yeye: “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu.” “Haya mama, unaendeleaje?” “Namshukuru Mungu mwanangu, naendelea vizuri.” Naye daktari anainama, anaandika kwenye faili: anaendelea vizuri.

Mama huyo hajalala usiku wa tatu huu kwa maumivu ya kiuno. Mguu wa kushoto umevimba. Chakula anakisukuma kwa maji. Je, amemdanganya daktari? Hapana. Amejibu salamu. Sisi ndivyo tulivyolelewa: mtu hata akiwa hoi atakuambia sijambo, Alhamdulillahi, Bwana ni mwema, tunasukuma siku. Ni jibu zuri sana barazani, na chumbani kwa daktari lije vilevile, sikatai, ila lisije peke yake. Mshukuru Mungu, kisha usiweke nukta. Sema: “Alhamdulillahi mwanangu, ila usiku wa tatu huu silali, kiuno kinaniuma.” Ukipeleka redio kwa fundi, akakuuliza ina nini, ukamjibu nzima tu, ataifungua ya nini?

Salamu ni salamu, hali ni hali. Tutalirudia hilo.

Sasa niwape hesabu kidogo, moja tu, maana najua redioni namba huchosha. Mwaka 1984 huko Marekani watafiti wawili, Howard Beckman na Richard Frankel, walichapisha walichokipata baada ya kusikiliza kanda za mazungumzo ya wagonjwa na madaktari. Mgonjwa alipoulizwa tatizo lake, aliongea kwa wastani sekunde 18, kisha daktari akamkatiza. Sekunde 18! Tangu nianze kukusimulia habari ya hao watafiti, zimeshapita. Na sisi, watu wa “nilianza kuumwa mwaka ule wa mvua kubwa, shemeji yangu alikuwa amekuja kutoka Kilwa,” tutafika wapi kwa sekunde 18? Daktari atatukatiza tungali Kilwa.

Kwa hiyo lililokuleta litangulie. Shemeji atafuata nafasi ikiwepo.

Na hili halifanyiki mlangoni kwa daktari, linafanyika usiku wa kuamkia kliniki. Chukua daftari, lile la shule la watoto linatosha. Kama huandiki, muite mjukuu akuandikie. Andika mambo yanayokusumbua, hata yafike kumi. Kisha jiulize: katika haya yote, lipi nikirudi nyumbani bila jibu lake sitapata usingizi? Hilo liwekee alama, liwe la kwanza kutoka mdomoni. Ukiingia tu, salamu zikiisha, sema: “Daktari, leo nina jambo moja kubwa na mengine madogo.” Daktari yeyote akisikia hivyo ataacha kuandika akuangalie.

Maana tuna tabia moja. Mgonjwa anaongea yote, kichwa, tumbo, miguu, anaagwa, anasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, ndipo anageuka: “Halafu dokta, kulikuwa na kitu kidogo…” Hicho kitu kidogo ndicho kilichomtoa nyumbani! Mara nyingi ni jambo la aibu. Damu inayotoka mahali isipopaswa kutoka. Mkojo unaoponyoka. Mambo ya ndoa, ya chumbani, ambayo tangu ugonjwa uanze hayaendi. Mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, na hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, ana mengi ya aina hii, na pembeni yake amekaa mtoto wake wa kiume aliyemsindikiza. Atasemaje?

Yapo mawili. La kwanza, unaweza kusema, “Daktari, naomba mwanangu atupishe kidogo.” Mwanao hatakasirika, na akikasirika atapoa. La pili, liandike kwenye kikaratasi, ukikaa tu umpe daktari mkononi. Atasoma kimya. Hakuna atakachokisoma humo ambacho hajawahi kukisikia.

Bado tuko pamoja? Tuje kwenye maumivu, maana hapa ndipo ile adabu yetu inatuumiza zaidi.

Siku hizi utaulizwa: mama, kwa kipimo cha sifuri mpaka kumi, maumivu yako ni ngapi? Sifuri huna maumivu kabisa, kumi hujawahi kuona makubwa kuliko hayo. Mwanamke aliyezaa watoto sita bila kupiga kelele atakuambia mbili. Mzee wa makamo, mkewe akiwa anamtazama, atasema tatu. Basi, kama namba zinakupa tabu, achana nazo, eleza maumivu yamekunyang’anya nini. “Siwezi kuinama kufagia.” “Nasali nimekaa, kusujudu siwezi.” “Nikigeukia upande wa kulia naamka.” “Dawa mnayonipa inatuliza mpaka saa nne usiku, baada ya hapo nakaa macho mpaka adhana ya alfajiri.” Sentensi hiyo ya mwisho ni dhahabu, kwa sababu imemwambia daktari dawa inafanya kazi kwa muda gani, na kwamba haitoshi.

Huenda daktari akataja mofini, dawa ya maji ya kunywa. Nawajua wasikilizaji wangu: wengine mmeshtuka. “Wamenipa mofini, basi ndiyo mwisho.” Hapana. Mofini hutolewa kwa sababu ya ukubwa wa maumivu, haipimi siku za mtu zilizobaki. Jirani zetu Uganda wameitumia mofini ya maji majumbani tangu Dkt. Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa huko Kampala mwaka 1993, na wagonjwa wao wamekula, wamelala, wamekaa uani na watu wao. Cha kufanya ni kuuliza: ninywe kila baada ya saa ngapi, hata kama sijaanza kuumwa? Na kwa kuwa mofini hufunga choo, uliza palepale: ya kulainisha choo mmeniandikia? Msiondoke bila hiyo ya pili. Wapo wanaoacha mofini kwa ajili ya choo tu, halafu wanarudi kuteseka, jambo ambalo dawa nyingine ya bei ndogo ingelizuia.

Sasa jambo la mfuko. Siku ya kliniki beba mfuko, utie ndani dawa zote unazotumia. Nikisema zote, mnanielewa? Za hospitali, za duka la dawa la mtaani kwako, alizokupa dada aliyekuwa amebakiwa nazo, na ile chupa. Ndiyo, ile chupa iliyofichwa nyuma ya ndoo.

Tusidanganyane. Wengi wetu tukiugua sana tunakunywa na mitishamba. Mwaka 2011 nchi hii, na majirani zetu pia, ilijipanga kwenda Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kikombe kimoja cha dawa yake ya mitishamba shilingi 500. Magari yalipanga foleni porini kwa siku kadhaa. Wataalamu wa afya wakawa wanawasihi wagonjwa wasiache dawa zao za hospitali. Leo sihukumu kikombe wala mwarobaini wala mshubiri. Chuo cha Muhimbili chenyewe kina Taasisi ya Tiba Asili. Ninachosema ni kwamba daktari hawezi kupanga dawa kwenye mwili ambao haujui una nini ndani.

Chukua cisplatin, dawa inayotumika sana kwa saratani ya mlango wa kizazi. Ni nzito kwa figo, ndiyo maana mgonjwa huwekewa maji mengi ya dripu siku ya kuipata. Sasa mama anayepewa dawa hiyo, akiwa nyumbani anameza diklofenaki za kununua mwenyewe kwa ajili ya kiuno, nazo huzielemea figo. Juu yake anakunywa kikombe cha mizizi asubuhi na jioni. Daktari anaona damu yake maabara, figo zinalalamika, anaahirisha tiba. Nyumbani watu wanasema hospitali wanazungusha. Nani kamzungusha nani?

Mwambie. Akifoka, na wapo wanaofoka, mvumilie, maadamu ameshajua. Ingawa kwa daktari anayenisikiliza nina neno: ukimfokea leo kwa ajili ya mizizi, kesho ataificha chupa mbali zaidi.

Tuendelee. Nani aingie na mgonjwa? Mtu mmoja, wawili wakizidi. Asiwe yule mwenye sauti kubwa kuliko wote kwenye ukoo, awe mwenye masikio. Kazi yake ni kuandika. Mgonjwa akisikia neno saratani, masikio hujifunga, yanayofuata hayaingii. Hiyo si akili ndogo, ni mshtuko, unampata profesa na unampata mkulima. Kama hakuna wa kuandika, muombe daktari ruhusa umrekodi kwa simu. Omba kwanza, usirekodi kwa kificho.

Na hapa nina ugomvi kidogo na familia zetu. Mgonjwa anaambiwa atangulie nje, ndugu wanabaki na daktari: “Dokta, mama asiambiwe, atakufa kwa mawazo.” Naelewa, ni huruma. Lakini huyu mama ndiye atakayelala chini ya mashine ya mionzi. Anaona nywele zinadondoka, anaona watu wanavyomtazama, analijua jina la hospitali aliyopelekwa. Mnamficha nini? Anachobaki nacho ni kutokuwa na wa kumuuliza. Kwa maoni yangu, mwenye haki ya kuamua aambiwe kiasi gani ni mgonjwa mwenyewe. Muulizeni: “Mama, majibu yakitoka, ungependa uelezwe wewe, au tuelezwe sisi kisha tukusimulie?” Wapo watakaosema nielezeni ninyi, na hiyo ni haki yao pia. Wengi watakushangaza.

Sasa niwape swali moja ambalo, kama ningeruhusiwa kuwapa moja tu leo, ningewapa hilo. Liandikeni: “Daktari, haya matibabu ni ya kuniponya, au ni ya kunipunguzia makali na kunipa muda?”

Nalirudia. Ni ya kuponya, au ni ya kupunguza makali?

Linaogopesha, najua. Lakini fikiria yanayotegemea jibu hilo. Kuna familia zimeuza shamba, zimeuza ng’ombe, zimeweka nyumba rehani kumpeleka mtu India, bila hata mmoja wao kuwahi kuliuliza swali hili kwa sauti. Jibu likiwa ni kuponya, mtajua kwa nini mnavumilia kutapika na kudhoofika. Likiwa ni kupunguza makali, bado kuna mengi ya kufanywa, kukosa pumzi na maumivu vinatibika, lakini huenda mgonjwa angechagua fedha zile zisomeshe watoto, na yeye akae nyumbani kwake. Nani wa kuamua hilo kama swali halijaulizwa? Na daktari akijibu kwa kuzungukazunguka, au akichanganya na Kiingereza, mwambie kwa upole: “Nieleze kwa Kiswahili chepesi, mwanangu, nataka nielewe.” Kutoelewa lugha ya kwenye faili si kosa lako.

Halafu kabla hujasimama, fanya jambo hili dogo. Sema: “Daktari, ngoja nikueleze nilivyoelewa.” Kisha eleza kwa maneno yako. Nitameza hiki asubuhi na jioni, kile baada ya kula, Jumatatu nije na majibu ya damu. Ukikosea atakurekebisha palepale, na hilo halichukui hata dakika moja.

Mengine nayapitisha haraka. Karatasi zako, majibu ya kinyama kilichokatwa, picha za eksirei, barua ya rufaa, ziweke kwenye faili moja la plastiki na uzipige picha kwa simu, kwa sababu karatasi hupotea na kipimo cha kurudia kinalipiwa upya. Gharama ziulize mapema: hii imo kwenye bima, au nitalipa mfukoni? Kama uwezo huna, hospitali kubwa za umma zina ofisi ya ustawi wa jamii, nenda huko kabla hujakimbia matibabu, na uje na barua ya serikali yako ya mtaa au kijiji. Na kama umetoka mbali, mathalani Lindi kwenda hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au Bukoba kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, uliza muda. Mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida ni siku tano kwa wiki kwa wiki tano hivi, na mara nyingi hufuatiwa na mionzi ya ndani. Huyo ndugu wa Temeke utakayefikia kwake ana haki ya kujua kwamba hukuja kwa siku mbili.

Na manesi, jamani! Tunawapita kama nguzo kumfuata daktari. Nesi wa kliniki hiyo ameona mamia ya wagonjwa kama wewe. Muulize namna ya kula mdomo ukiwa na vidonda, namna ya kujisafisha, lini tumbo litatulia. Ile foleni ya kumngoja daktari itumieni kwa hilo.

Nimebakiza moja, na dakika zangu zinakwisha. Usitoke chumbani kwa daktari kabla hujauliza: “Dalili gani ikinipata nisisubiri tarehe yangu?” Na: “Ikinipata usiku, nimpigie nani, niende wapi?” Namba hiyo iandikwe ukutani, isikae kwenye simu ya mtu mmoja ambaye akisafiri inasafiri naye.

Kwa wanaopata dawa za saratani za dripu, dalili moja naitaja mimi leo: homa. Siku saba mpaka kumi na nne baada ya dripu, chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu huwa zimepungua sana. Sisi tukipata homa tunafanya nini? Tunanunua panadoli, tunanunua dawa ya mseto tukidhani ni malaria, tunajifunika blanketi tusubiri kukuche. Kwa mgonjwa huyu, kusubiri kukuche kunaweza kumuua. Joto likifika nyuzi 38, au akianza kutetemeka kwa baridi hata kama hamna kipimajoto, aende hospitali saa hiyohiyo, na neno la kwanza kusemwa mapokezi liwe: “Huyu yuko kwenye dawa za saratani.”

Basi kama kuna mtu ananisikiliza sasa hivi, alipata dripu wiki iliyopita, na amejifunika kwa sababu mwili unamchemka: zimeni redio, mtafuteni bodaboda au jirani mwenye gari, mumpeleke hospitali. Wengine wote, kwaherini, na Mungu awape nafuu.